Kaburi Lake Liko Wapi?



Halmashauri ilipotuomba tuseme machache katika sherehe hizi, bila shaka ilitarajia tuzungumzie biashara, kwa kuwa ndiyo kazi tuliyoifanya maisha yetu yote. Sisi tukaomba tuzungumzie kifo. Wajumbe walitazamana. Kwa Wagujarati kutaja kifo siku ya furaha ni nuksi, na wako wazee wetu ambao hata neno lenyewe hawalitamki ilhali mishumaa ya sherehe inawaka. Tulipoeleza sababu, walikubali kwa sharti moja: tusiuache wali ukapoa. Tutajitahidi.

Sababu yenyewe ni mtu mmoja na jembe lake.

Baba yetu alifariki dunia mwaka 1987, alfajiri moja ya masika, hapa hapa Tanga. Katika duka lake la Ngamiani alikuwa na mtunza ghala aliyekuwa naye tangu mwaka 1956. Hatutamtaja jina, maana jamaa zake wamo humu ukumbini na si watu wanaopenda kutajwa. Sisi watoto tulimwita Mzee, basi. Watu wale wawili walikunywa kahawa pamoja kila asubuhi kwa miaka 31. Waligombana juu ya hesabu za magunia, wakapatana, wakagombana tena. Habari za msiba zilipomfikia, Mzee alifanya lile ambalo kila muungwana wa pwani hulifanya jirani yake akifiwa. Alivaa kanzu, akachukua jembe lake begani, akaja kuchimba kaburi.

Alisimama mlangoni pamoja na vijana wawili na sururu yao. Nasi, watoto wa marehemu, tuliona haya badala ya kuona fahari. Hatukujua tumwambie nini. Ndugu yetu mmoja alimwendea akamwambia kwa upole kwamba shughuli hii ni ya ndani, na kwamba kaburi halihitajiki. Mzee akasogea kando. Msafara ulipoondoka aliufuata kwa baiskeli hadi uwanja wetu wa kuchomea maiti, akakaa nje ya ukuta, chini ya mwarobaini, na jembe lake magotini, mpaka moshi ulipokwisha. Hakuna aliyemkataza kuingia, wala hakuna aliyemkaribisha.

Siku ya tatu alitujia dukani. Alitoa pole, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Wanangu, kaburi lake liko wapi? Nataka niwe nakwenda kumsalimia."

Hatukuwa na jibu. Tulisema maneno mengi siku ile, lakini jibu hatukuwa nalo. Leo, baada ya miaka mingi, tungependa kumjibu mbele ya watoto na wajukuu zake, na mbele yenu nyote, kwa kueleza kile tunachokifanya mtu wetu anapofariki, na kwa nini. Tutasema pia yale tunayoyaonea shaka.

Katika dini ya Kihindu kuna ibada 16 za maisha, kuanzia kabla mtoto hajazaliwa. Ya mwisho huitwa antyeshti, yaani sadaka ya mwisho, na sadaka inayotolewa ni mwili wenyewe. Mtu anapokaribia kukata roho, hushushwa kitandani na kulazwa sakafuni, kwenye ardhi iliyotutoa sote. Zamani sakafu hiyo ilipakwa kinyesi cha ng'ombe ili kutakaswa. Siku hizi maji yanatosha. Taa ya samli huwashwa karibu na kichwa. Katika kila nyumba yetu ya zamani kuna chombo kidogo cha shaba kilichozibwa, ndani yake mna maji ya mto Ganga, na maji hayo hayafunguliwi ila kwa siku hiyo. Matone machache hutiwa kinywani pamoja na jani la tulsi, ambalo ni aina ya mrehani. Jina la Mungu hutajwa sikioni. Majirani zetu Waislamu, ambao huweka maji ya Zamzam kabatini na humtamkisha shahada anayeaga, hawahitaji maelezo zaidi hapa.

Kisha mwili huoshwa, wanaume na wanaume, wanawake na wanawake, na kuvishwa nguo mpya nyeupe. Mwanamke anayefariki mumewe akiwa hai huvishwa kama bibi harusi, sari nyekundu na alama nyekundu ya kumkum kwenye paji la uso, na wako wanaosema kwamba huyo ana bahati. Sisi tuliwahi kumwona shangazi yetu amevishwa hivyo, akiwa na umri wa miaka 34, na bahati yenyewe hatukuiona.

Maiti yetu haina sanduku. Hulazwa juu ya machela ya mianzi iliyofungwa kwa kamba, mfano wa tusi la hapa pwani. Kwa Kigujarati machela hayo huitwa nanami, na neno hilo hilo hutumika kwa barua isiyo na jina la mwandishi. Mtu aliyekuwa tajiri, au karani, au mkubwa wa ukoo, akishapanda juu ya mianzi ile hana jina tena. Wabebaji hupokezana mabegani, wakitaja jina la Ram kwa sauti moja njia nzima. Mtoto wa kiume wa kwanza hutangulia na moto katika chungu kidogo, moto uliotoka nyumbani kwa marehemu.

Uwanjani kuni hupangwa. Kwa desturi huhitajika kilo 300 hadi 500 za magogo, na kule India mara nyingi huwa ya mwembe. Hutiwa samli, vipande vya msandali kwa mwenye uwezo, na karafumaiti. Tunaomba mlizingatie neno hilo. Karafumaiti ambayo fundi wa kukafini wa Ngamiani huiweka katika sanda ndiyo hiyo hiyo tunayowashia moto sisi, na aghalabu imenunuliwa duka moja. Baba aliiuza. Mzee ndiye aliyekuwa akiipima.

Mtoto huzunguka kuni akiwa na mtungi wa maji, mtungi huvunjwa, na moto huwashwa. Mwishoni, moto ukishashika sana, kuna tendo moja la fuvu kuguswa kwa mwanzi ili lifunguke na roho ipate njia. Tendo hilo tumelifanya kwa mikono yetu. Halisahauliki, na hatutalieleza zaidi kabla ya chakula. Baada ya hapo watu huondoka bila kutazama nyuma, na hakuna aingiaye nyumbani bila kuoga.

Kwa nini moto? Mafundisho yetu ni kwamba mwili umeundwa kwa vitu vitano, yaani ardhi, maji, moto, hewa na anga, na ni amana inayopaswa kurudishwa. Moto huirudisha upesi. Roho haifi wala haiungui. Huendelea na safari yake, ikibeba matendo yake. Tena tunafanya haraka, siku ile ile ikiwezekana, kabla jua halijatua, na katika hili tunafanana zaidi na Waislamu kuliko ndugu zetu wa bara ambao husubiri jamaa wa mbali wafike.

Hata hivyo si kila Mhindu huchomwa. Mtoto mchanga huzikwa, kwa kuwa hana cha kutakaswa. Mtawa aliyeacha dunia naye huzikwa, maana alikwishajitoa sadaka akiwa hai. Wako pia Walingayati wa Karnataka, ambao huzika watu wao wote. Na si kila mwenye asili ya India ni Mhindu: Mabohora, Maismailia na Wagoa wa mji huu wana makaburi yao. Twasema haya kwa sababu mitaani sote twaitwa Baniani, na methali ya Baniani na kiatu chake tunaijua vizuri sana. Hatuna kinyongo. Viatu vyenyewe tuliviuza sisi.

Baada ya moto huja siku za sutak. Katika siku hizo, ambazo hufikia 10 au 13 kwa kutegemea ukoo, wafiwa hawaingii hekaluni, hawagusi sanamu, hawahudhurii harusi, na jiko lao haliwashwi katika siku za mwanzo. Wana wa kiume hunyoa nywele, kama wafanyavyo watu wa makabila mengi ya bara. Jioni husomwa Garuda Purana, kitabu kinachosimulia safari ya roho. Kila siku kwa siku 10 hutolewa pinda, donge la unga wa shayiri au wali lenye ufuta mweusi, na inaaminika kwamba kwa madonge hayo roho iliyo uchi hupata mwili wa kusafiria, leo kichwa, kesho shingo na mabega, hata itimie. Siku ya 13 hutolewa zawadi ya kitanda, godoro, vyombo, mwavuli na viatu kwa ajili ya njia hiyo ndefu. Mtu wa mjini anaweza kucheka. Lakini mtu aliyekwisha kumfungia mzazi wake mwavuli na viatu, akijua kwamba haendi naye, hacheki.

Jiko likiwa halijawashwa, chakula hutoka wapi? Hapa turudi mwaka 1987. Siku ya pili ya msiba wake zao majirani walikuja na sufuria ya mbaazi za nazi na maandazi. Walikuwa wamemuuliza kwanza fundi cherehani wa kona kama Baniani hula nazi. Hawakutia samaki, hawakutia hata supu ya kuku. Shangazi zetu walinong'onezana, kwani kwa mila zao chakula cha nje hakiliwi na mfiwa. Mama yetu, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, mjane wa siku moja, alinyoosha mkono akapokea sufuria ile, akala wa kwanza. Hakusema neno. Sufuria hiyo ilirudishwa baada ya siku 13 ikiwa imejaa sukari, kwa maana chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Sasa tusikilizeni vizuri, kwa kuwa hili ndilo lililotusukuma kuomba nafasi hii. Kwa Kigujarati, kikao cha kuwapokea wanaokuja kuhani huitwa besnu. Neno hilo linatokana na kitenzi cha kukaa. Besnu ni kukaa. Na nyinyi huku pwani mtu akifiwa mnafanya nini? Mnakaa matanga. Baadhi yetu, hasa watu wa Kutch na Walohana, wana kikao kingine cha kumaliza siku za maombolezo, nacho huitwa uthamnu, yaani kuinuka. Nanyi mna kuanua matanga. Wazee wetu walivuka bahari kwa majahazi wakakuta watu ambao nao wakifiwa hukaa pamoja chini, kisha huinuka pamoja. Ajabu ni kwamba watu hawa wawili, kwa zaidi ya miaka 100 mjini hapa, kila mmoja amekaa matanga yake peke yake, ukuta kwa ukuta.

Bahari hiyo iliathiri hata hesabu ya siku. Habari za kifo zilikuja kwa barua iitwayo kalotri, barua nyeusi, kinyume cha kankotri ya harusi inayopambwa kwa kumkum nyekundu. Juu yake iliandikwa kwamba msomaji avue nguo zake kwanza, kwa kuwa akishaisoma itampasa kuoga na nguo alizovaa. Barua haikuingizwa ndani. Ilisomwa kizingitini ikachanwa. Je, barua iliyosafiri majuma matano kutoka Porbandar, mfiwa wa Tanga akae siku ngapi? Vitabu vya sheria vya kale vilikwisha jibu. Habari ikifika ndani ya siku 10, hukaa siku zilizobaki. Ikifika baada ya hapo, siku 3. Na ukipita mwaka, kuoga kunatosha. Babu yetu alipata habari za kifo cha mama yake kwa barua ya namna hiyo. Alioga kisimani, akakaa siku 3, ya nne akafungua duka. Wateja hawakujua lolote. Hakuwaambia.

Tena kuna shraddha. Katika nusu ya pili ya mwezi wa Bhadarvo, kila mwaka, siku 15 au 16 hutengwa kwa ajili ya waliotangulia. Tunapika dudhpak, wali wa maziwa mazito na sukari, na sehemu ya kwanza huwekwa juu ya paa kwa ajili ya kunguru, maana husemwa kwamba wazee huja kwa sura hiyo. Tunajua kwamba majirani hawapendi jambo hili. Kunguru hao wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili wasafishe taka, na tangu hapo wameiba vifaranga na samaki pwani nzima. Twakiri kwamba wageni wote wa Kihindi hawakuwa na adabu sawa.

Tumesema kuna mambo tunayoyaonea shaka, na si haki kuyaficha kwa kuwa leo ni sikukuu. Zamani wanawake wetu walilazimika kusimama duara na kujipiga vifua wakiimba, hata walioumwa, hata wajawazito. Warekebishaji wa karne ya 19 kule Gujarat walilipinga hilo, nalo limetoweka. Karamu za siku ya 12, ambazo ziliwalisha ukoo mzima na kuwaacha wajane na madeni, nazo zimepungua, ingawa hazijakwisha. Sisi wenyewe tumewahi kuona nyumba ikiuzwa kwa sababu ya ladu. Kuna majirani hutuuliza kwa sauti ya chini juu ya wajane kuchomwa pamoja na waume zao. Hilo lilipigwa marufuku huko Bengal mwaka 1829, na halikuwa desturi ya kila Mhindu hata kabla ya hapo. Lakini mjane kuvunjwa bangili, kufutwa alama ya paji, na kuwekwa pembeni ya chumba kwa miezi, hayo tumeyaona kwa macho yetu hapa Tanga. Mama yetu alivunjwa bangili na wanawake wenzake. Aliomba abaki na moja, aliyonunuliwa na baba siku ya kuzaliwa mtoto wa kwanza, akanyimwa.

Mtoto huyo wa kwanza ni dada yetu. Yeye ndiye mkubwa wetu, na yeye ndiye aliyemuuguza baba kwa miezi saba. Siku ya moto alibaki nyumbani na wanawake, kwa kuwa mwanamke haendi uwanjani. Moto ukawashwa na mdogo wake, aliyefika kutoka safari usiku ule. Hatukufikiria chochote, ndivyo ilivyokuwa. Tunawaomba wale wanaosema kwamba dini haibadiliki wakumbuke Agosti 2018, alipofariki Atal Bihari Vajpayee, aliyekuwa Waziri Mkuu wa India na mtu asiyeweza kushutumiwa kwa kuidharau dini yake. Moto wake uliwashwa mbele ya taifa zima na binti yake wa kulea. Mwaka 2021 moto wa Jenerali Bipin Rawat na mkewe uliwashwa na binti zao wawili. Anga halikuanguka.

Na uwanja wenyewe hauna sababu ya kuwa na ukuta wa kuzuia watu. Mwaka 2011 Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel, aliacha wosia kwamba mti usikatwe kwa ajili ya jeneza lake. Alitengenezewa jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, na mwili wake ukachomwa katika tanuri la Wahindu la Kariokor, Nairobi. Binti wa Kikuyu wa Nyeri alipita katika lango letu. Naye ametuachia swali lake: ikiwa yeye hakutaka mti mmoja ukatwe, sisi tutaendelea na magogo ya kilo 500 mpaka lini? Tanuri la gesi ni ghali, lakini halmashauri ya hekalu inayo makisio mezani tangu mwaka juzi. Tunaiomba iyafunue.

Tumefika kwenye swali la Mzee.

Baada ya moto kupoa, mifupa michache iliyosalia huokotwa, huoshwa kwa maziwa na maji. Hatuiiti mifupa, tunaiita maua. Maua hayo hayaingizwi nyumbani, hutundikwa mtini au huhifadhiwa uwanjani, mpaka yatiwe katika maji yanayokwenda. Wagujarati wa Saurashtra wengi huyapeleka Damodar Kund, Junagadh, chini ya mlima Girnar. Sisi ndugu tuliamua kwenda mbali zaidi. Tulimpeleka baba Haridwar, mahali mto Ganga unapotoka milimani na kuingia tambarare.

Huko kuna makuhani ambao ukoo kwa ukoo huandika mahujaji katika madaftari marefu, kwa vijiji vyao vya asili. Kama wafanyabiashara, tulistaajabu kuona vitabu vya hesabu vilivyotunzwa vizuri kuliko vyetu. Kuhani alituuliza kijiji, akafunua, na baada ya robo saa akatuonyesha mwandiko wa babu yetu mwenyewe, aliyefika pale kabla ya kupanda jahazi. Aliandika majina ya wazee wake, kisha mstari mmoja: anakwenda Jangbar. Ndilo jina la Zanzibar kwa Kigujarati cha zamani. Chini yake tuliandika kwamba mwanawe amefia Tanga, tukatia saini. Tulilia siku ile kuliko siku ya moto.

Tuliporudi tulimweleza Mzee yote hayo kwa furaha: mto, milima, daftari, mwandiko. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mmefanya vizuri. Lakini mto huo mimi siujui." Akaondoka kwenda kupima mchele.

Alifariki mwaka 2003. Tulituma bahasha ya rambirambi, nene kidogo kuliko kawaida, pamoja na gari la kubebea watu. Duka halikufungwa. Hatukwenda makaburini, wala hatukutia konzi moja ya udongo. Tulijiambia kwamba tungekuwa wageni pale, kwamba hatujui dua zao, kwamba tungesimama vibaya. Yeye mwaka 1987 hakujua dua zetu, naye alikuja na jembe.

Kwa hiyo tuna maombi machache kwa waumini wenzetu. Besnu zetu zitangazwe kwa Kiswahili pia, zifanyike uani, na awepo mtu wa kuwaeleza majirani kinachoendelea. Jirani akitaka kushika mwanzi wa nanami hatua saba, apishwe. Binti akitaka kuwasha moto wa mzazi wake, asiulizwe mara mbili. Na jirani akifiwa, twende kwa miguu yetu, tukae mkekani. Bahasha ifuate nyuma.

Mama yetu alifariki mwaka 2012. Alikwisha sema miaka mingi kabla kwamba yeye hapelekwi India. Ndugu zetu wa Rajkot walipiga simu kwa hasira. Tuliwakumbusha kwamba mwaka 1948, baada ya Mahatma Gandhi kuuawa, sehemu ya majivu yake ililetwa Afrika na kutiwa katika mto Naili pale Jinja, Uganda, na hadi leo kuna kumbukumbu yake mahali hapo. Maji yaliyomtosha Gandhi ni ya Afrika. Na maji yanayopiga ngazi za Dwarka ndiyo hayo hayo yanayopiga ukuta wa bandari ya Tanga.

Moto wa mama uliwashwa na dada yetu. Mtoto wa Mzee, aliyekuwa na mashua ya uvuvi, alikuja siku ya tatu kabla hatujamwita, akasema mashua iko tayari na ameisugua, haina harufu ya samaki. Wanawake wa mtaa walisimama pwani na kanga zao. Wengine walikuwa mabinti wa wale walioleta mbaazi. Tulipita nje ya kisiwa cha Toten, akazima mashine, akangoja mashua itulie. Dada alimimina maua ya mama, na maua ya kweli juu yake, waridi na asumini. Mtoto wa Mzee alichota maji kwa kiganja akayarudisha baharini polepole, mara tatu, kama mtu anayetia udongo.

Kisha akatuomba tumwonyeshe sawasawa. Tukapima kwa macho pamoja: mnazi uliopinda upande huu, paa la ghala la bandari upande ule. Akasema ameshika. Alisema akiulizwa mama alipo, ataweza kusema.